Mkia wa Kaniki

Mjukuu wangu ana saluni Kalangalala, Geita mjini, na nikienda kumtembelea hunikalisha kwenye kiti karibu na mlango nipate hewa. Napenda kukaa pale. Natazama nywele zinavyoingia na kutoka, za kusuka, za kubandika, na mawigi yaliyovalishwa vichwa vya plastiki visivyo na macho. Juzi aliingia mama mmoja mtu mzima, na kwa lafudhi tu nikajua ametoka kule kwetu, upande wa Bulyanhulu. Akamwambia mjukuu wangu, "Mwanangu, nitafutie kaniki nzuri, nina harusi Jumamosi." Wasichana wakacheka, maana kaniki wao wanaijua kuwa ni kile kitambaa cheusi walichojifunga bibi zao. Yule mama hakuudhika. Akawaeleza kwamba kwao wigi huitwa kaniki tangu zamani, kwa sababu ni jeusi kama kitambaa hicho. Wakaridhika. Mimi niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba wangu.

Mwenzangu, neno lile halikutoka kwenye kitambaa. Lilitoka kwa ng'ombe, ng'ombe huyo alikuwa wetu, na mtu wa kwanza kuvaa kaniki kichwani ndiye huyu anayesema nawe. Wapo watu ambao wangejisifu wakisikia neno lililoanzia nyumbani kwao limefika mjini. Mimi nikilisikia najihisi nimeshikwa shati.

Nililelewa na bibi na babu, wazazi wa baba yangu. Mama alifariki nikiwa mchanga, na baba alikwenda Tanga kufanya kazi ya mkonge, akapotelea huko. Mji wetu ulizungushiwa ua wa minyaa, na katikati palikuwa na zizi, kwa hiyo kila kitu nyumbani kilinukia ng'ombe: maji, blanketi, hata ugali wenyewe. Sikujua kwamba hiyo ni harufu mpaka nilipokwenda kukaa mahali pasipo nayo. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kutikisa kibuyu cha maziwa, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka siagi ikatike na mkono ufe ganzi. Nikilalamika bibi alisema, "Tikisa, ng'wanone, mwanangu, siagi haijui kama umechoka." Mchana tulikula ugali wa mtama na mlenda, na wakati wa njaa kidogo tulichemshiwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Ilipoiva ilikuwa mitamu kiasi kwamba sisi watoto tuliona njaa ile ni sikukuu.

Chungu cha michembe ndicho kilichonifanya niwe nilivyo. Nilikuwa bado mdogo sana, nacheza karibu na mafiga, na bibi alikuwa amekiinua chungu kinachochemka akitaka kukiepua. Mtu akamwita kutoka zizini. Akageuka kujibu, na maji yakanimwagikia kichwani. Mimi mwenyewe sikumbuki maumivu, nakumbuka tu kulala kifudifudi siku nyingi nikipakwa samli na majani. Nilipona, lakini upande wa kulia wa kichwa, kutoka juu ya sikio hadi kisogoni, nywele hazikuota tena. Ngozi ilibaki inang'aa na imejikunja.

Bibi hakuwahi kuniomba radhi kwa maneno. Watu wazima wa wakati ule hawakuwaomba watoto radhi. Lakini nyumbani kwetu nyama ya ini ilikuwa yangu, na tangu siku ile hakuna mtu aliyemwita bibi akiwa jikoni, hata babu. Ukitaka kusema naye ulikuja ukasimama mbele yake.

Watoto wengi walinyolewa vipara siku hizo, kwa hiyo mwanzoni sikutofautiana nao sana. Nilipokaribia umri wa kwenda ngomani kutazama, wasichana wenzangu walianza kuacha nywele zikue na kuzisokota. Mimi nilijifunga kitambaa. Kisimani walikivuta, kikaanguka, wakacheka, nami nikaacha kwenda kisimani. Nikaacha kwenda popote. Nilikaa nyuma ya ghala nikipepeta mtama ambao tayari ulikuwa umepepetwa. Bibi aliniona.

Sasa nikutambulishe kwa mtu ambaye habari hii ni yake. Babu alikuwa na mtoto wa kiume mwingine, mdogo wa baba yangu. Ndiye aliyenibeba mabegani baba alipoondoka, ndiye aliyenifundisha kukamua, na ndiye aliyekuwa akinichongea ng'ombe wa udongo. Kwetu mdogo wa baba ni baba, lakini mimi nilimwita baba mdogo, kwa sababu nilikuwa bado namngoja yule mkubwa arudi. Alikuwa mchezaji ngoma mzuri, mrefu, mpole, anayecheka kwa mabega bila sauti. Na alikuwa amempenda binti wa familia moja iliyokuwa imehama na ng'ombe wake kuelekea Nyarugusu. Alimwona kwenye ngoma za baada ya mavuno, na baada ya hapo kila safari yake, hata ya kutafuta chumvi, ilipitia Nyarugusu. Babu alimtania kwamba ameanza kuwa mfanyabiashara.

Wazee wa pande mbili walikubaliana. Kilichobaki ni ukaguzi. Kwetu wakwe wa mtu hawakupokea mahari kwa kuambiwa. Walikuja mpaka zizini, wakamtazama kila ng'ombe meno, macho, kwato, kiwele na mkia, na juu ya wale mliokwisha kuwatenga walikuwa na haki ya kumchagua mmoja wenyewe, yeyote watakayempenda. Ilikuwa siku kubwa kuliko harusi. Mji mzima ulifagiliwa, na msichana mdogo wa nyumba ndiye aliyewapelekea wageni maji ya kunawa, akipiga magoti mbele ya kila mmoja. Msichana mdogo wa nyumba yetu nilikuwa mimi.

Nilimwambia bibi kwamba sitatoka. Nilisema nitaugua siku hiyo. Bibi aliendelea kuchambua mboga, kisha jioni akanisogelea akanipima kichwa kwa kamba.

Enzi za usichana wake, aliniambia, wasichana walirefusha nywele zao kwa nyuzi za magome ya miti, wakazisokota na kuzipaka samli mpaka zikang'aa. Yeye alikuwa fundi wa kazi hiyo. Akachukua kipande cha kitambaa cha merikani, akashona kofia ndogo, akaipaka masizi mpaka ikawa nyeusi, kisha kwa muda wa siku kadhaa akajifungia chumbani akishona juu yake singa nyeusi, ndefu, laini, akizisokota moja moja. Nilimuuliza zimetoka wapi. Akasema ni za mkia wa nyumbu, wawindaji wamemletea. Nilimwamini. Sikuwa na sababu ya kutomwamini, na nilikuwa nazitaka mno.

Nitakueleza sasa jambo ambalo mimi nililijua baadaye sana. Katika zizi letu palikuwa na ng'ombe jike mweusi tii, asiye na doa hata moja, aliyeitwa Kaniki. Alikuwa ng'ombe wa maziwa wa bibi, na shungi la mkia wake lilikaribia kugusa ardhi. Bibi na baba mdogo walimtoa malishoni siku moja babu akiwa mnadani. Baba mdogo akamshika, bibi akalikata shungi lote kwa kisu. Ng'ombe ni mali ya mwenye mji, na mke hana ruhusa ya kumgusa bila kuuliza, lakini bibi alipiga hesabu zake. Nywele za mkia huota tena. Kaniki ana ndama anayenyonya, hayumo kati ya waliotengwa. Hakuna atakayemtazama.

Siku ya wageni bibi alinivalisha. Alinifunga kamba laini nyuma ya masikio, akanipaka samli, akarudi nyuma kunitazama. Baba mdogo alikuja mlangoni, akacheka kwa mabega. "Huyu ni nani?" akauliza. "Mbona mmeniletea mgeni mwingine?" Nilitoka nje nikiwa na kata ya maji mkononi, na singa zikanipiga shingoni kwa kila hatua. Sijawahi kufurahi kama siku ile, mwenzangu. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa nimehuzunika hata kidogo ningejisamehe.

Wageni walikuwa wamekaa kivulini kwenye viti vya miguu mitatu. Mkubwa wao alikuwa mjomba wa binti, mzee mwenye macho makali na sauti ya taratibu. Nilipiga magoti, nikamwagia maji, nikamsalimu. "Mwangaluka," akaitikia, kisha akanitazama kichwani. "Nyumba hii ina watoto wazuri," akamwambia babu. "Tazama nywele za huyu." Babu akatabasamu. Alijua kichwa changu kilivyo, na alidhani bibi ametumia nyuzi za magome kama zamani.

Wakaingia zizini. Mimi nilisimama kwenye lango na kata yangu, mahali ambapo kila mtu angeweza kuniona, nikiwa nimesimama hapo kwa makusudi hayo hayo. Ng'ombe waliotengwa walikaguliwa wote wakakubaliwa. Yule mzee alifurahi, na kwa kuwa alifurahi alitaka kutuheshimu kwa kumchagua aliye mzuri kuliko wote. Alipita katikati ya kundi akipiga ulimi, akamwekea mkono Kaniki mgongoni. "Huyu," akasema. "Tutampokea na ndama wake, nasi tutapunguza mmoja kule." Babu akaitikia kwa kichwa. Mzee akaupapasa ubavu wa Kaniki, akamzunguka, akaushika mkia.

Akauinua mkia ule mtupu ili wenzake wauone.

"Shungi lake limekwenda wapi?"

Babu alitazama, akaduwaa. "Sijui," akasema, na ilikuwa kweli.

"Limekatwa kwa kisu, na si zamani," yule mzee akasema. "Ng'ombe anakatwa mkia wiki ya ukaguzi, na mwenye mji hajui?"

Watu wa kwetu wataelewa bila kuelezwa, wewe nitakueleza. Mkia wa ng'ombe hukatwa na mtu anayepeleka nywele kwa mfumu, mganga wetu. Ng'ombe wa namna hiyo akiingia kwenye zizi la watu, anaingia na alichotumwa: kuua mifugo, au kumfunga bi harusi asizae wala asirudi kwao. Si lazima uwe umefanya. Inatosha kwamba mkia umekatwa na huna la kusema.

La kusema lilikuwepo, limesimama langoni na kata ya maji. Mtu angeninyooshea kidole tu, akaninyang'anya ile kofia, wakaona shungi na wakaona kovu, na kila mtu angecheka au angelia na shughuli ingeendelea. Bibi alikuwa nyuma ya ua na wanawake wengine. Alinisimulia baadaye kwamba alianza kutembea, mkono tayari ameunyoosha kuelekea kichwani kwangu. Baba mdogo akamwona. Akamtikisia kichwa, kidogo tu. Kisha akanitazama mimi. Na mimi, niliyedhani ananitazama kwa sababu nimependeza, nilimchekea.

"Nimekata mimi," baba mdogo akasema.

"Kwa kazi gani?"

"Nilitaka usinga wa kuchezea ngoma."

Nadhani alilisema neno la kwanza lililomjia. Lilikuwa baya kuliko kunyamaza, kwa sababu wachezaji wakubwa wa ngoma walijulikana kwa dawa zao za kushindania, na ndani ya usinga ndimo dawa ilimokaa. Mzee aliuachia mkia wa Kaniki. Babu alitaja ng'ombe mwingine, akataja wawili. "Si suala la ng'ombe," yule mzee akamjibu kwa upole. "Hatuna ugomvi nanyi. Lakini binti yetu hatutamleta mahali ambapo kijana anaficha mambo kwa baba yake." Wakachukua fimbo zao. Mmoja aliniomba maji ya kunywa, akanirudishia kata, akaniambia wabeja, asante. Chakula walichopikiwa tulikula sisi, nami nilikula nikashiba.

Babu hakumpiga mtu wala hakupaza sauti. Alimpeleka Kaniki mnadani na ndama wake, na bibi akabaki bila ng'ombe wa maziwa. Kibuyu kikaangikwa ukutani. Mvua zilipoanza tulisikia kwamba yule binti ameolewa huko huko Nyarugusu. Baba mdogo aliuliza mara mbili kama ni kweli, halafu akaenda kupalilia. Kabla ya mavuno aliondoka kwenda Geita kutafuta kazi kwenye mgodi wa Wazungu. Aliniaga kwa kunivuta singa moja.

Siri haikudumu. Msichana mmoja aliivuta kofia yangu tukiwa mtoni, akaigeuza na kuinusa, akasema, "Huu ni mkia wa ng'ombe wenu." Mpaka jioni kijiji kizima kilijua nimevaa Kaniki. Wanawake walicheka, kisha baadhi yao wakaja kwa bibi kwa siri, mmoja aliyekuwa na mapunye, mwingine aliyenyonyoka nywele baada ya uzazi, wakimwomba awashonee na wao. Ndivyo lilivyoanza. Mwanamke alinyang'anyana shungi la ng'ombe na mumewe ili "ashonewe kaniki". Neno likazoeleka, likaolewa pamoja na mabinti zetu likaenda nao vijiji vingine, likasahau lilikotoka.

Unaniuliza kama siku ile ya mtoni sikuelewa. Nilikuwa nimemsikia baba mdogo akisema amekata yeye. Nilikuwa nimeziona singa kichwani mwangu. Kuunganisha vitu viwili vya namna hiyo si kazi kubwa hata kwa mtoto, na mimi sikuwa mtoto mjinga. Nimejichunguza miaka yote hii na siwezi kukuapia kwamba sikujua. Ninachoweza kukuapia ni kwamba sikumuuliza mtu yeyote, na kwamba niliendelea kuzivaa.

Aliyenilazimisha kujua ni bibi. Nilipofikia kuposwa, miaka ya hamsini ikiwa inakaribia kwisha, wakwe zangu, yaani wazazi wa mchumba wangu, walikuwa wamekwisha kusema ng'ombe watakaoleta. Bibi aliniita chumbani, akanikalisha, akanisimulia yote, tangu kisu mpaka ule mkono alioukunja. Alisema hawezi kupokea mahari yangu huku amelibana jambo lile. Alilia, na nilikuwa sijawahi kumwona akilia. "Ulikuwa umeanza kutoka nje," aliniambia. "Nilisema moyoni, akimkosa huyu, ataoa mwingine." Hakuoa mwingine.

Niliomba ruhusa nikapanda lori la pamba mpaka Geita, nikiwa nimejifunga kitambaa kichwani, maana nywele za bibi nilikuwa nimeziacha usichanani. Njia nzima nilipanga maneno. Nilitaka kumpigia magoti na kumwambia najua, nisamehe. Nilifika kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, safu za nyumba fupi za bati na vumbi jekundu kila mahali, watu wa makabila yote, nikaanza kuuliza kwa jina lake. Nikauliza kwa ukoo wake. Nikauliza kwa kijiji chetu. Walitikisa vichwa. Nilikwisha kuamini kwamba amekufa.

Kisha nikamkuta mama mmoja anauza maandazi. Nilimweleza: mrefu, mpole, anacheka kwa mabega. Akaniuliza mimi ni nani. Nilipotaja jina langu aliweka chini sinia lake.

"Kumbe unamtafuta baba yako," akasema, na akamwita kwa jina alilojulikana nalo kambi nzima: Baba, na baada yake jina langu. "Kila siku anatuambia ana binti nyumbani. Mwenye nywele ndefu."

Aliniongoza njia nzima akiniita mwanangu, akiwaambia watu tuliopishana nao, "Ndiye huyu, amekuja," nao wakanipa pole ya safari kama jamaa yao. Baba mdogo alikuwa ameketi mlangoni akitengeneza kiatu. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake na alikuwa anakohoa. Maneno yangu yote niliyoyapanga kwenye lori yalikuwa yamekwisha. Nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo, baba." Sikuongeza mdogo.

"Marahaba," akaitikia. Aliniuliza habari za bibi. Nikamwambia mzima, na kwamba naolewa. Akasonga ugali, akakaanga dagaa, tukala. Nilipokuwa naondoka alinisindikiza hadi kituo cha malori, na hapo ndipo aliposema, bila kunitazama, "Wakileta ng'ombe, mwambie mzee awapokee tu. Asikague." Mabega yakatikisika kidogo. Nikajua kwamba anajua nilichokuja kukisema, na kwamba hataki nikiseme.

Hakuja kwenye harusi. Kifua chake hakikumpa nafasi, na mwaka uliofuata walituletea habari kwamba wamemzika huko huko. Kambi ile haipo tena, na minyaa ya mji wetu iling'olewa watu walipolima mpaka mlangoni. Zizi, mafiga, ile kofia ya merikani, vyote vimekwenda. Wale waliokuwa wakimwita kwa jina langu nao wamekwisha, na kwenye msalaba wa kaburi lake, nilipofika kulitafuta, wenzake walikuwa wameandika lile lile walilolijua. Nilisoma jina langu pale, nikakaa chini.